Daftari lililotuonyesha kinachomtesa mwanangu

Mwanangu alipokuwa na miaka 7 nilikuwa sikauki shuleni. Maneno ni yale yale: "Mama, leo tena amepindua dawati akakimbilia nje." Tulikwishaambiwa ana usonji (autism), lakini jina la hali halikwambii la kufanya mtoto akiwa amejikunyata chini ya meza. Nyumbani nilikemea, nikabembeleza, nikamnyima vitu avipendavyo. Hadi leo naumia nikikumbuka kwamba nilimwadhibu kwa jambo lililo nje ya uwezo wake.

Nikamwomba mwalimu wake tuandikiane kwenye daftari liendalo na begi. Yeye aandike kila vurugu: saa, mahali, na hasa kilichotokea dakika chache kabla. Mimi niandike alivyolala na kilichomkera nyumbani. Tulikubaliana neno "mkorofi" lisiingie humo. Tuandike tulichokiona kwa macho.

Wiki ya tatu, usiku, nilisoma kurasa zote mfululizo. Karibu kila vurugu ilianza kengele ilipolia au madawati yalipoburutwa. Nikakumbuka blenda: nikiiwasha tu, huziba masikio kwa viganja, anahema kama aliyekimbizwa. Nilikuwa nikimwambia aache kujidekeza.

Baadaye nilisoma kwamba Leo Kanner, daktari aliyewaelezea watoto 11 wa aina hii mwaka 1943, aliona tangu hapo jinsi kelele kubwa zinavyowatia hofu. Lakini DSM-5, mwongozo wa Marekani ambao madaktari hutumia kutambua hali za akili, ulikuja kuziweka tofauti hizi za milango ya fahamu miongoni mwa dalili za usonji mwaka 2013. Miaka 70! Siwezi kumlaumu mwalimu kwa kutolijua hilo.

Tena yeye ndiye aliyeleta wazo ambalo mimi nisingelipata: mtoto mwenyewe agonge kengele. Siku ya kwanza nilisimama kando ya ukuta nikitazama. Alishika nyundo kwa mikono miwili, akafumba macho, akagonga kidogo sana, akasubiri. Kisha akagonga mara tatu kwa nguvu. Hakuziba masikio. Nililia palepale. Miguu ya madawati ya darasa lao ikavalishwa vipande vya mpira wa tairi chakavu.

Nyumbani nilichora kadi nne za asubuhi, kuoga, kuvaa, kula, begi, nikazibandika mlangoni. Akimaliza moja anaibandua. Mwalimu alichora za kwake kwa michoro ile ile, na sote wawili tunasema "kwanza hili, kisha lile", si zaidi. Kwa maoni yangu hili la kutumia lugha moja lilisaidia kuliko kadi zenyewe. Akirudi shule simuulizi chochote kwa nusu saa. Anajifunika blanketi, anajitikisa mbele na nyuma, nami namwacha, maana ndivyo anavyojituliza. Shemeji yangu anasema namharibu. Nimemweleza mara mbili, sasa nimenyamaza.

Siku mbaya bado zipo, hasa ratiba ikibadilika ghafla. Tuko kwenye daftari la tatu, na siku hizi mwanangu mwenyewe huongeza mstari wake chini ya wa mwalimu. Jumatatu iliyopita aliandika neno moja tu, kwa herufi kubwa: FENI. Kesho yake mwalimu alimhamishia dirishani.