Breka iliyokuwa inakata kila jioni wala sio iliyotaka kutuunguza

Nyumba ya mama hapa Tanga ilifungwa umeme mwaka 1998 na tangu hapo lile boksi la breka nyuma ya mlango wa jikoni hakuna aliyeligusa zaidi ya kushusha na kupandisha. Na sisi tuko karibu na bahari, ule upepo wa jioni unakula mpaka bawaba za milango, sijui kwanini tulidhani shaba iliyo ndani ya boksi yenyewe itasalimika.

Ilianza Ramadhani ya mwaka juzi. Ikikaribia kufuturu mama anachemsha maji kwenye jagi la umeme, mdogo wangu anapiga pasi kanzu ya tarawehe, mara unasikia ta! soketi zote kimya. Sio LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, maana taa zinawaka. Unapandisha breka, inakaa dakika kumi, inakata tena. Nikalaumu jagi, nikanunua lingine, wapi.

Nikaita fundi wa mtaani, kijana tu, hakufungua hata kava akaniambia braza hii breka ni ndogo, ya ampea 20 hii, nunua ya 32 nikufungie utasahau kabisa. Na mimi nikaenda nikanunua, elfu kumi na mbili yangu ikatoka. Bahati siku ya miadi hakutokea (mafundi wetu mnawajua) nikabaki naikodolea macho pale mezani, nikaanza kupiga hesabu. Jagi lina wati 2000, pasi 1200, gawa kwa volti 230 unapata kama ampea 14, ongeza friji bado hufiki 16. Sasa ya 20 inakata kwa lipi?

Nikamfuata mzee mmoja aliyefanya umeme miaka mingi, siku hizi amepumzika ila ukimwomba kwa adabu anakuja. Baada ya shikamoo na chai akaniambia breka ya 20 ikiwa nzima hata ukiivuta 21 haikati, mpaka ifike kama 29 ndo inatakiwa ikate ndani ya saa moja. Ndani mna kipande cha metali mbili zilizogandishwa pamoja, kikipata joto kinapinda pole pole mpaka kinaachia, hicho ndo cha mzigo kuzidi, halafu kuna koili ya sumaku ambayo ikipiga shoti inakata hapo hapo bila kusubiri. "Kwahiyo mwanangu, ikikata na ampea 15 jua kuna joto inalipata kutoka kwingine."

Akazima mein swichi, akanionya kuwa waya zinazotoka LUKU kuja kwenye hiyo swichi bado zina moto hata ukizima, nisitie kidole. Akafungua kava. Ile harufu jamani, plastiki iliyoungua zamani, na kila siku tulikuwa tunapita hapo tukidhani ni mafuta ya kukaangia. Akaweka bisibisi kwenye skrubu ya breka ya soketi, ikazunguka karibu duara zima kabla haijakaza. Waya umefanya kutu ya kijani, ganda lake limekuwa la kahawia na ukiligusa linapukutika kama ganda la karanga. Skrubu ikilegea waya unashika padogo, panapata joto, joto linaleta kutu, kutu inaongeza joto, na lote linapanda juu kwenye kile kipande cha metali. Breka ilikuwa inakata kwa sababu inachomwa, mzigo haukuwa mkubwa.

"Ungeweka 32 hapa, huu waya wa milimita 2.5 ungeungulia ndani ya ukuta na breka inakutazama tu." Sikuwa na la kujibu.

Nikajua tumemaliza. Akaniuliza, na ipi ambayo haikusumbui kabisa? Nikamwonyesha ya hita ya bafuni, hiyo haijakata tangu mwaka uliopita. Aliponibana nikakumbuka, mwaka huo hita iliharibika ikapiga shoti, na mimi nilikuwa napandisha breka, inaruka na cheche, napandisha tena, nadhani mara tano au sita hivi mpaka nikakata tamaa. Hita tukabadilisha ila breka tukaiacha. Mzee akarudisha mein swichi, akashusha breka ya hita, kile kidole cha kupandishia breka kikawa kinacheza cheza tu hakina nguvu, akaweka mita upande wa chini. 230. Imezimwa na umeme unapita! Zile sehemu za ndani zinazogusana zilishayeyuka zikashikana. Yaani fundi angekuja kutengeneza hita akaamini breka imezimwa, tungekuwa na msiba.

Tulibadilisha breka zote tano, waya akazikata nyuma mpaka alipokuta shaba inayong'aa, na ile kubwa yenye kitufe cha T (cha kuijaribia) nayo ikaenda maana aliibonyeza mbele yangu haikufanya chochote, wakati hiyo ndo inatakiwa kukata umeme ukivuja hata miliampea 30. Siku hizi naibonyeza kila mwezi na kava tunafungua kila mwaka kukaza skrubu. Dukani tulitafuta zilizoandikwa 6000 ndani ya kisanduku kidogo kilichochorwa kwenye breka yenyewe, maana yake inaweza kukata shoti ya mpaka ampea 6000 bila kupasuka, na nyepesi kama kiberiti mzee alikuwa anazirudisha hata muuzaji akinuna.

Nilimuuliza breka inakaa miaka mingapi, akacheka, kwamba sio dawa ina tarehe ya kuisha. Ya kwenye boksi kavu ambayo haijapigwa shoti inaweza kukaa miaka na miaka, ya kwetu yenye chumvi na joto la jikoni haifiki huko, na iliyokata shoti kubwa mara kadhaa ipimwe au itolewe hata kama ni ya juzi. Ikinuka, ikibadilika rangi, ikilia mvumo, kidole kikilegea, au ukiigusa kwa juu ni ya moto, usisubiri.

Ile ya 32 bado iko kwenye droo, mwenye jiko la umeme lililofungwa na waya wa milimita 6 aje aichukue.