Siku moja na Crown ya bosi

Saa 12:30 asubuhi nafungua gereji, Sinza. Chai, chapati, ovaroli. Mpaka saa 3 nimeshamwaga oili gari mbili na kubadilisha brekipedi za IST. Hayo hayana hadithi.

Saa 3 na robo inaingia Toyota Crown Athlete nyeupe ya lita 2.5, ikiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka mwili mzima. Mwenyewe anashuka, simu sikioni. "Fundi, plagi hizo. Nusu saa nakuja kuichukua."

Watu wengi huiona Crown hii kama Toyota Mark II iliyovaa suti. Sivyo. Ilitoka Japani Desemba 2003, wakaiita Zero Crown kwa sababu wahandisi waliamua kuanza upya: chasisi mpya, silinda 6 za mstari mmoja zikaachwa, ikaja V6 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ina nguvu na inakula mafuta kwa adabu. Ila petroli haipiti tena kwenye valvu za kuingizia hewa kuziosha, hivyo mvuke wa oili huganda pale ukawa masizi. Injini yoyote ya mfumo huo, ya Mjapani au ya Mjerumani, ina tabia hiyo.

Plagi ziko sawa. Koili, zile zinazozipa plagi umeme, nazihamisha silinda hadi silinda, tatizo halihami. Naingiza kamera: valvu nyeusi tii. Napiga simu.

"Haiwezekani, juzi nimemwaga dawa ya kusafisha kwenye tanki."

"Bosi, dawa inapita na petroli, na petroli huko haifiki."

"Fundi wangu wa zamani hajawahi kusema hivyo."

"Labda hajawahi kufungua, bosi."

Akakata. Akapiga tena. Akamtuma shemeji yake aje kuhakiki. Shemeji akaja saa 6 kasoro, akachungulia, akapiga picha, akaomba soda. Ndipo likaanza la bei: "Kusugua tu, pesa yote hiyo?"

Baada ya hapo saa sizijui. Manifoldi, bomba la kugawia hewa kwenye silinda, chini, valvu 12, na kila silinda lazima uzungushe krenki, mhimili wa injini, hadi valvu zake zifunge, la sivyo masizi yanadondoka ndani na injini umeiua. Dogo anashika taa, mimi nasugua kwa brashi, nafyonza uchafu, nasugua tena. Wali maharage umepoa. Mgongo sisemi. Simu: "Bado tu?" Halafu tunaitwa mafundi wa nyundo. Leo nyundo haijaguswa.

Magharibi inaadhiniwa nakaza bolti ya mwisho. Nawasha. Mshale wa resi umetulia kabisa. Mimi na dogo tunasikiliza tu, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Bosi anafika, anakanyaga resi, anatafuta la kulaumu. Kalipata: "Redio haishiki stesheni! Mmegusa nini?" Redio hiyo imekuja na gari, kule Japani FM yao iliishia 90, na stesheni nyingi za Dar ziko juu ya hapo. Siku zote amekuwa akisikiliza muziki wa simu yake, hakujua. Nimemwambia aje Jumamosi, tufunge kifaa cha kushusha masafa, na hiyo ina bei yake.

Kalipa nusu. Nyingine, "kesho fundi wangu."