Njia ya Maiti ya Swaledale: nilivyoikosa, kisha nikaipata

Jumamosi yangu ya kwanza katika bonde la Swaledale, kaskazini mwa Yorkshire, iliharibiwa na mwenzangu mmoja wa kazini hapa Leeds, aliyenihakikishia kwamba Njia ya Maiti, njia ya kale ambayo watu wa bonde la juu walibebea maiti zao kwenda kuzika kijiji cha Grinton, inafuata mto tangu kijiji cha Keld, na kwamba nikiuambaa mto sitapotea. Kweli sikupotea, nilitembea njia nyingine kabisa.

Niliuambaa mto Swale kwa furaha, nikapita magofu ya Crackpot Hall, nyumba ya wakulima iliyohamwa katika miaka ya 1950 kwa kuwa ardhi chini yake ilikuwa ikititia kutokana na machimbo ya madini ya risasi, na nikajipiga picha nyingi nikidhani ninapita walipopita waombolezaji. Nilipofika kijiji cha Muker nilimweleza bibi mmoja aliyekuwa akipogoa maua mlangoni kwake kwamba nimetoka kwenye Njia ya Maiti. Alivitazama viatu vyangu, akaniuliza kama nilikuwa nimepanda Kisdon. Nilipojibu kwamba sikupanda, alicheka mpaka akaweka mkasi chini, kisha akanielekeza kilima kilichokuwa nyuma yangu: wafu walipandishwa kule juu.

Jioni nilimpigia mama simu Tanga kumsimulia masaibu yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, umekwenda Ulaya kote huko ili ufuate njia ya maiti, na hata hiyo umeikosa?"

Nilirudi baada ya wiki mbili. Kwa wanaotegemea gari, ninashauri waliache upande wa Grinton au Reeth, wapande basi dogo la asubuhi mpaka Keld kwa nauli ya pauni chache, halafu watembee kulirudia gari lao, kwa sababu mabasi ya huko ni machache na kulikimbiza la mwisho ukiwa na malengelenge si jambo la kuchekesha.

Kisdon inakata pumzi. Nikiwa njiani kuipanda ndipo nilipoelewa kwa nini jeneza la enzi hizo lilisukwa kwa fito badala ya kuundwa kwa mbao: kabla kanisa la Muker halijajengwa mwaka 1580, watu wa bonde la juu walizikwa Grinton, na maiti ilibebwa mabegani kilomita 20 hivi, safari ambayo mara nyingi ilichukua siku mbili. Mimi nilibeba mkate na chupa ya maji, na nilihema.

Kutoka juu, Muker inajieleza yenyewe. Jina hilo waliliacha walowezi wa Kinorse, yaani watu wa kale wa Skandinavia, nalo lina maana ya shamba jembamba. Keld ni chemchemi, na Thwaite, jirani yake, ni mahali palipofyekwa. Nilikuwa nimejifunza maana hizo kabla ya kufungua ramani, na zilinisaidia kuliko ramani yenyewe.

Adui yangu halisi alikuwa ukuta. Mashamba ya huko yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mpita njia huachiwa upenyo mwembamba ambao kondoo hawezi kuupita. Katika upenyo wa kwanza baada ya Muker nilikwama na mkoba wangu mgongoni, miguu upande huu, kichwa upande ule, huku kondoo watatu wakinitazama bila haya. Nilivuta, nikasukuma, nikapoteza kifungo cha koti. Kuanzia hapo nilivua mkoba, nikautanguliza juu ya ukuta, kisha nikapita kiubavu kama mwizi.

Kwenye daraja la Ivelet, lenye tao moja tu, kuna jiwe upande wa kaskazini ambapo wabebaji walilitua jeneza ili wapumzike. Magoti yalinisihi niketi juu yake. Niliketi kwenye nyasi pembeni, nikala mkate wangu, nikaendelea na safari mpaka Gunnerside, na jua lilipokuwa likishuka niliuona mnara wa kanisa la Grinton, na gari langu karibu nao.