GA anasimama wapi?

Juzi jioni binti yangu wa darasa la nne kanifuata jikoni na daftari, kesho yake wana zoezi la netiboli, anataka nimsikilize. Nikamwambia haya soma, mi nakusikiliza huku nakaanga. Akaanza, GS, GA, WA, C, WD, GD, GK, kazimwaga nafasi zote saba za wachezaji bila kukwama kama anasoma tebo ya mbili. Nikafurahi jamani, maana mi mama yake ndo nilikuwa GA wa mtaa mzima. Nikamuuliza ehe, GA anasimama wapi? Kimya. Mpira ukiudaka unatakiwa ukae nao sekunde ngapi? Tatu, kajibu fasta. Umeshawahi kuudaka? Hapana. Na golini hamjawahi kurusha hata siku moja? "Mama, shuleni kwetu hamna goli, kuna nguzo tu ya kengele."

Vitunguu viliungulia hapo.

Somo lenyewe linaitwa Sanaa na Michezo, limekuja na huu mtaala mpya ulioanza Januari 2024, zamani kuna kipindi waliita Haiba na Michezo. Yaani kwenye makaratasi serikali yetu ya Tanzania huwezi kuikamata popote, Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya 1967, sera ya michezo ipo toka 1995, ukizisoma utadhani watoto wetu wanashinda uwanjani mpaka giza linaingia. Kwenye ratiba ya binti yangu kipindi kipo, Alhamisi, cha mwisho. Alhamisi kipindi cha mwisho wanafanya hesabu.

Mi nina kidonda changu kwenye hili so mnivumilie. Dada yangu mkubwa alichaguliwa timu ya wilaya ya netiboli, enzi hizo mashindano ya shule za msingi yanaitwa UMISHUMTA, karudi na raba nyeupe na stori za kulala kwenye madarasa ya shule za watu, nikajua zamu yangu inakuja, raba zenyewe akaniachia zikiwa bado kubwa nikawa naweka karatasi mbele. Ile zimeanza kunitosha tu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waziri wa elimu wa wakati huo, Mungai, akafuta michezo mashuleni. Eti inawapotezea watoto muda wa kusoma. Hakuna mashindano, mwalimu wetu wa michezo akapewa maarifa ya jamii, na chuma cha goli kikaondoka usiku mmoja na watu wa chuma chakavu. Tulibaki na rede na chandimu, navyo ni vya mapumziko, kengele ikilia basi. Michezo ilirudi serikali ya awamu ya nne ilipoingia ila mi nilishamaliza la saba zamani.

Sasa watu wanasema ile marufuku iliisha. Mi nasema iliisha kwenye tangazo. Kichwani mwetu bado ipo, wazazi kwa walimu, kwa sababu michezo haimo kwenye mtihani wa taifa wa la saba, na kitu kisichokuwa kwenye mtihani hapa kwetu ni mapambo. NECTA wenyewe, baraza la mitihani, 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora lakini nenda kasome grupu la wazazi la WhatsApp usikie watu wanavyolinganisha wastani. Na mimi nimo, nisijifanye mtakatifu, mwaka jana nililipia tuisheni ya Jumamosi.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma zaidi. Serikali ikisema michezo mashuleni inamaanisha mashindano tu, UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari. Wiki mbili tatu za Juni, mabango, mgeni rasmi, watoto wa mikoa yote wanakusanyika mahali pamoja kama pale Tabora 2024. Napenda sana, nisieleweke vibaya, ningekuwepo ningelia. Ila wanaofika kule ni wale ambao tayari wanaweza. Hawa mia na kitu waliobaki darasani, yule mnene, yule mwenye pumu, yule asiyejua kudaka, wao sera inawapa nini? Daftari. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 ajitikise kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku, hawajasema lazima awe na kipaji. Sisi tulikuwa na mchakamchaka tu asubuhi, bure kabisa, na vumbi lake, ukifika darasani umeshachangamka.

Hela nazo tuseme ukweli. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na sehemu yake inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu. Niliulizia mpira wa netiboli Kariakoo nikaambiwa elfu thelathini na tano. Hiyo ni watoto watatu na nusu, mkuu wa shule aanze kumkata nani katikati?

Basi nikaenda shuleni. Mwalimu wa somo ni kijana mdogo, mpole, kanikaribisha kiti vizuri. "Mama nisikufiche, mimi nimebobea kwenye Kiswahili, hili nilipewa kwa sababu ndo mgeni ofisini." Nikamuuliza mipira, kumbe ipo! Miwili, kwenye kabati la mkuu, bado ina nailoni zake. Mbona haitoki mwalimu? Akacheka kwa aibu, "ikipasuka, Juni tutaendea na nini?" Sikuwa na jibu, nikamuaga nikaondoka, njiani nikapita pale palipokuwa kiwanja, pamesimama madarasa mawili mapya mazuri tu, na tuliyaomba wenyewe kwenye kikao cha wazazi.

Zoezi limerudi. Tisa ya kumi. Aliyokosa ni urefu wa nguzo ya goli, jibu ni mita 3.05, yeye kaandika mita 2. Nikamuuliza mita mbili umezitoa wapi mwanangu, akasema walienda na rula na wenzake wakapima ile ya kengele.