Salfa, popo na punda

Saa kumi na moja alfajiri leo mashine za kupulizia zimeanza kuunguruma upande wa bondeni, na kabla sijafungua dirisha harufu ilikwishaingia ndani. Watu wa Kusini mnaijua. Salfa haiishii puani, inakwenda kukaa nyuma ya ulimi na haitoki mpaka chai ya kwanza ishuke. Ni mwezi wa sita, mikorosho inachipua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu ambao salfa ndiyo dawa yake, unanyemelea, na hapa Newala ukikutana na mtu barabarani saa mbili asubuhi unamkuta na kope za manjano.

Wenzangu wakiinusa wanahesabu mifuko. Mimi namkumbuka punda.

Ilikuwa likizo ya Juni 2016. Pale kwa Bibi tulikuwa wanne: mimi, binamu, mdogo wangu wa kike, na rafiki yake wa nyumba ya pili ambaye alikuja kuazima kinu akabaki wiki nzima. Nilikuwa nimepanda kutoka Mtwara mjini na bahasha ya karatasi, zile kanuni za bure za Dungeons & Dragons, mchezo wa Wamarekani wa tangu 1974 unaochezwa kwa mdomo, dadu na ubishi. Steshenari walitaka shilingi 100 kwa kila ukurasa. Hela haikutosha zote, basi nikachapisha kurasa za wahusika, orodha ya vifaa, na kurasa za uchawi. Mimi ndiye nikawa refa, yule anayesimulia hadithi na kuamua, na wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini. Karatasi zilikuwa zangu, na sababu nyingine haikuwepo.

Mchezo unataka dadu ya pande ishirini, na namba kubwa ndiyo bahati. Tungeipata wapi? Tulichukua korosho ghafi ishirini, tukaziandika namba kwa maka peni, tukazitia kwenye kopo la maziwa. Unatikisa, unafumba macho, unachomoa. Korosho namba kumi na saba ilikuwa na kinundu, na kwa maajabu ya Mungu binamu alikuwa akiichomoa karibu kila jioni. Dadu ya kawaida tuliitoa kwenye ludo. Ilikuwa moja tu.

Jina la kuuita ule uchawi lilitusumbua kuliko dadu. Hebu kaa barazani kwa Bibi, Newala, magharibi inaingia, useme kwa sauti "mimi ni mchawi wa ngazi ya tano" uone kama kesho hakuna kikao. Mdogo wangu akapendekeza dua, binamu akakataa katakata kwamba dua ni ya Mungu, haipigwi mtu kwa dadu. Mazingaombwe nayo tuliona ni ya wale jamaa wanaokuja shuleni kumeza viwembe. Tukaishia kwenye dawa. "Napiga dawa ya ngazi ya tatu." Neno safi, halimshtui mtu, na kwa kuwa msimu ule kila nyumba ilikuwa inaongelea dawa ya mikorosho, Bibi alituhesabu kuwa watoto wenye bidii ya shamba. Alituletea hadi ming'oko, vile viazi pori vyetu.

Sasa, dawa ya mpira wa moto. Kitabu kinamtaka mpigaji atamke maneno, afanye ishara kwa mkono, na awe na kidonge cha mavi ya popo na salfa. Kamusi ndogo ya binamu, ambayo haikuwa na jalada, ilisema salfa kwa Kiswahili ni kiberiti. Haikukosea: wazee walikuwa na kiberiti upele, cha kutibu upele. Ila sisi kiberiti tulichokijua ni cha njiti. Kwa hiyo siku mbili nzima binamu alikuwa akiwaunguza maadui huku ameinua boksi la kiberiti hewani, nami nilimruhusu.

Siku ya tatu mdogo wangu, kidato cha pili, akauliza kwani kiberiti cha kemia si ndiyo salfa, na salfa si ndiyo ile.

Sote tukageuka. Mfuko wa kilo 25 ulikuwa umeegemea ukuta, hatua mbili kutoka tulipokaa.

Popo nao walikuwa darini miaka yote. Binamu alipanda akashuka na kiganja kimoja. Ukiyatazama kwa mbali utadhani ni mavi ya panya, lakini ukiyaminya yanavunjika kama biskuti iliyolala nje, na ndani yanametameta, vipande vya mbawa za wadudu. Akachanganya na salfa, akatema mate, akavingirisha vidonge vitatu vya rangi ya haradali iliyooza. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hapo kuna mzaha wa watunzi: mavi ya popo yalikuwa yakitumika kupatia shura, aina ya chumvi, na shura ukiiweka pamoja na salfa na makaa umepata baruti. Waliacha makaa tu. Afadhali waliyaacha, maana makaa tulikuwa nayo tele, ndiyo tuliyochorea ramani sakafuni.

Jioni yenyewe ilikuwa hivi. Majambazi wanne wako njiani na punda. Juu ya punda kuna mkoba, ndani ya mkoba kuna hati ya kisima cha kijiji. (Kisima nilikitia mimi. Newala huhitaji kumweleza mtu kwa nini watu wauane kwa ajili ya kisima.) Binamu akasimama, kidonge mkononi, akatangaza anapiga mpira wa moto katikati yao. Futi 20 kutoka katikati kwenda kila upande. Nikachora duara. Majambazi wote ndani, punda ndani.

Dadu nane, na jumla yake ndiyo maumivu wanayopata. Sisi tulikuwa na moja, kwa hiyo akaitupa mara nane juu ya sinia la bati na sote tukahesabu kwa sauti. Tano. Mbili. Sita. Sita tena, mdogo wangu akapiga ukelele. Tatu. Moja. Nne. Ya mwisho ikazunguka ukingoni mwa sinia muda mrefu kuliko haki yake, ikalala sita. Thelathini na tatu. Hata anayefaulu kukwepa anakula nusu, yaani kumi na sita, kitabu hukata chini. Majambazi hawakubaki. Punda naye hakubaki.

"Nachukua mkoba," binamu akasema, tayari ananyoosha mkono kana kwamba upo.

Nikamsomea sentensi mbili za mwisho za maelezo ya ile dawa, nikitafsiri polepole: moto huu unakata kona, na unawasha vitu vinavyoshika moto ambavyo havijavaliwa wala kubebwa.

"Si umebebwa?"

"Na nani?"

"Na punda."

"Punda habebi," nikasema. "Punda anapakiwa."

Niliona nimesema jambo zito. Mdogo wangu akadakia kwamba mtoto anabebwa mgongoni, mzigo wa punda uko mgongoni, tofauti iko wapi. Rafiki yake, ambaye siku zote alikuwa kimya, akasema punda amekwishakufa, na maiti haibebi kitu. Binamu akaruka: amekufa kwa moto ule ule, moto ulipomfikia alikuwa hai, kwa hiyo wakati wa moto mzigo ulikuwa umebebwa. Yule binti akamuuliza, kwa utulivu mkubwa, je moto unaishia kwenye punda halafu unauliza mzigo ni wa nani? Tulikuwa tumepiga magoti sote, makaa yametufika viwikoni, kila mmoja anatetea mnyama ambaye hakuna aliyewahi kummiliki.

Bibi akatokea mlangoni.

"Mmepuliza wapi?"

"Hatujapuliza, Bibi."

"Nimesikia. Futi ishirini kila upande. Jioni hii, na upepo huu?" Akatutazama mmoja mmoja. "Salfa inapulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani, upepo haujaamka. Saa hizi imekwenda yote kwa jirani."

Tulipaswa kunyamaza. Binamu, kwa adabu zote, mikono nyuma, akamuuliza: "Bibi, samahani. Punda aliyepakiwa mzigo, tuseme amebeba au hajabeba?"

Bibi akafikiri. Nakumbuka alifikiri kweli, hakutudharau.

"Punda wa nani?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Hapo ndipo macho yake yaliposhuka kwenye vidole vya binamu, vya manjano hadi kwenye kucha, yakaenda kwenye mfuko uliofunguliwa mdomo, yakarudi kwenye vidole. Yaliyofuata nayafupisha. Mfuko ulihamia chumbani kwake, chini ya kitanda, na vidonge vya popo vilitupwa na mtu aliyevishika kwa jani.

Tulipokaa tena niliamua. Hati imeungua. Binamu aliweka korosho zake chini taratibu, akatoka nje, na ndani ya mchezo ule hakurudi tena. Siku mbili baadaye nilishuka Mtwara.

Kuna kitu sikuwaambia. Katika kurasa za vifaa kuna jedwali la wanyama wa kununua. Punda au baghala, vipande 8 vya dhahabu, na safu ya mwisho kabisa inasema uwezo wake wa kubeba: ratili 420. Kubeba. Neno lenyewe, kwa herufi, kitabuni, linamhusu punda. Nililiona wakati wanabishana. Ukurasa ulikuwa mbele yangu, nikauvuta, nikaukalia. Kitabu chenyewe kinampa refa neno la mwisho, kwa hiyo siwezi kusema nilivunja kanuni. Nilichoka na ile korosho namba kumi na saba, hilo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba wangeipata hati, hadithi ingekwisha, nami ya kesho sikuwa nayo. Hadi leo sijui ipi iliukalia ule ukurasa.

Toleo jipya la kanuni lilitoka 2024. Nililisoma kwenye simu, na mahali pa kwanza kwenda ilikuwa hapo. Wameiondoa sentensi ya moto kukata kona. Ya vitu vilivyovaliwa na kubebwa wameiacha na maana ile ile, na hawakumtaja punda.

Basi leo alfajiri, salfa imenijaa kooni, nikamwandikia binamu. Ujumbe mrefu, wa miaka yote hiyo: jedwali, ratili 420, nilivyoukalia ukurasa, kwamba mkoba ulikuwa wake. Nikaona alama mbili za bluu. Nikaona anaandika, ameacha, anaandika tena. Nilikaa kitandani nimeishika simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Ikaingia: "Uko Newala? Niulizie mfuko wa salfa sasa hivi ni bei gani."

Nimevaa viatu.