"Fundi, weka tu gesi": siku yangu moja ya kutengeneza viyoyozi Kisumu

Alhamisi iliyopita simu ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri, hata jogoo wa jirani hajawika. "Fundi, AC yangu inalia maji." Salamu hakuna, jina hakuna. Nikamuuliza ni matone au ni mkondo. Akasema ametega beseni na limejaa usiku kucha. Basi nikajua ni paipu ya kutoa maji imeziba. Nikamwambia azime, nitapita saa mbili.

Mimi ni fundi wa friji na AC, nakaa Manyatta. Watu wakisikia kazi yangu wanadhani nashinda kwenye ubaridi kutwa. Wanasahau kwamba mimi huitwa pale tu ambapo ubaridi umekufa, na ukishafufuka nakunja ngazi naondoka. Februari hapa Kisumu jua la mchana linapita nyuzi 30, na ile mashine ya nje, kwa sababu ambazo sijawahi kuelewa, mara nyingi huwa imefungwa juu ya mabati.

Saa moja tulikuwa barabarani, mimi na kijana ninayemfundisha kazi. Yeye alipakata pampu, mimi nilibeba mkoba na geji za kupimia presha ya gesi. Mtu wa boda ananijua, haniulizi tena kama mtungi utalipuka.

Saa mbili, kwa yule wa beseni: ute wa kijani ndani ya paipu. Nikapuliza, nikapitisha maji, kazi kwisha.

Saa tatu, Tom Mboya Estate. Mama mmoja alikuwa amelala siku mbili na AC inayotoa hewa moto. Nilichukua rimoti nikaona alama ya jua. Mjukuu alikuwa ameichezea. Mashine nyingi za siku hizi zinaweza kugeuza mwendo wa gesi, badala ya kutoa moto nje zikauleta ndani. Ni jambo zuri kwa watu wa nchi za theluji, ila kwa Kisumu ni adhabu. Nikambonyezea alama ya theluji, nikachukua nauli, shilingi mia tatu, na chai. Kama unasoma haya na AC yako haipoi, kabla hujanipigia angalia alama kwenye rimoti, betri zake, breka kwenye ubao wa stima, halafu fungua kile kifuniko cha mbele uone chujio. Chujio likiwa na manyoya ya vumbi kama blanketi, lioshe kwa maji, likauke kivulini, ulirudishe. Nusu ya simu zangu zingeishia hapo, na ningekosa nauli, lakini ningelala.

Halafu duka moja karibu na Oginga Odinga Street. Mashine ya nje inanguruma nguuu, sekunde chache, inanyamaza, inajaribu tena. Feni haizunguki. Ukiisukuma kwa kijiti, inashika. Hiyo ni kapasita, kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanzia. Hii ilikuwa imevimba kichwa kama mkebe wa maharagwe yaliyooza. Mita ilisoma chini ya theluthi ya kiasi kilichoandikwa juu yake. Kijana alitaka kuishika na nikampiga mkono. Kapasita haina habari kwamba umezima stima. Inabaki na umeme wake tumboni, na lazima uutoe kwanza. Tukabadilisha, dakika kumi. Mwenye duka akauliza mbona elfu mbili mia tano kwa dakika kumi. Nilimwambia dakika kumi ni za leo, kuna miaka tisa nyuma yake. Akalipa, lakini hakucheka.

Saa tano, Milimani.

Mzee mstaafu, nyumba ya ghorofa moja, AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) iliyo chumbani kwake juu. Alikuwa amenipigia mara nne tangu asubuhi, na kila mara neno lilikuwa lile lile: "Fundi, njoo uweke gesi." Alinipokea mlangoni na bei yake tayari. Elfu tatu na nusu, kama yule fundi mwingine.

"Mzee, niruhusu kwanza niangalie."

"Utaangalia nini? Imeisha gesi. Iliisha Juni, ikaisha Oktoba, ikaisha Desemba."

Ningetaka watu wa Kisumu waelewe jambo moja tu kuhusu kazi hii, na ni hili: gesi ya AC haiishi. Si petroli. Haichomwi wala hailiwi. Inazunguka humo ndani kama damu, inachukua joto chumbani, inalimwaga nje, inarudi. Mashine inaweza kukaa miaka kumi na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, kuna mahali inapita. Kwa hiyo fundi anayekuwekea gesi mara tatu bila kutafuta tundu anajaza maji kwenye debe lililotoboka, na wewe ndiye unayelipia maji.

Nilimwambia hivyo kwa heshima, kwa sababu ana umri wa baba yangu. Akasema, "Yule mwingine alimaliza dakika ishirini."

"Ndiyo maana amekuja mara tatu, mzee."

Hakupenda. Lakini mke wake, aliyekuwa amesimama jikoni, aliguna, na nadhani mguno huo ndio ulioniruhusu kupanda ngazi.

Stima ilikuwa sawa, volti 231. Chujio safi. Nikaenda nje, kwenye kibaraza kinachotazama ziwa. Mapezi ya kondensa, vile vibati vyembamba vya mashine ya nje, yalikuwa yamejaa usubi. Wanaokaa karibu na ziwa wanawajua wale wadudu: wanapanda kutoka majini kama wingu la moshi, wanafuata taa, asubuhi unawafagia kwa ungo. Feni ya AC inawavuta hadi wanatengeneza mkeka, na mashine isiyopumua haipoi hata ikiwa na gesi kamili. Tukaosha kwa maji ya taratibu, maana ukitumia presha ya kuoshea magari mapezi yanalala yote.

Kisha geji. Mashine imeandikwa gesi ya aina ya 410. Siku ya joto kama ile nilitarajia presha kwenye geji ya buluu isimame 120 au zaidi. Ilisimama 60. Paipu nyembamba ilikuwa imeshika barafu. Kwa hiyo mzee alikuwa na haki: gesi ilikuwa imepungua. Alifurahi sana aliposikia. "Si nilikwambia? Weka!"

Nikamuuliza swali moja. "Yule fundi, mtungi wake ulikuwa rangi gani?"

"Kijani. Kijani hafifu."

Nikashuka ngazi nikakaa kwenye kipago cha mwisho. Mitungi ya 410 niliyoizoea ni ya waridi. Kijani hafifu ni 22, gesi ya zamani ambayo dunia inaiondoa polepole chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Ni gesi nyingine, presha nyingine, hata mafuta ya kompresa yake, ile pampu inayosukuma gesi, ni mengine. Ndani ya mashine ile kulikuwa na uji wa gesi mbili ambao geji haiwezi kukusomea. Nikamweleza mzee kwamba itabidi yote itoke, tutafute tundu, tuvute hewa, tupime gesi mpya kwa mizani, na kwamba siwezi kumwahidi kompresa haijaumia. Elfu tisa. Akazunguka kibaraza mara mbili. Akampigia mtoto wake Nairobi. Akanipa simu niongee na mtoto. Mtoto akasema, "Fundi, si uweke tu gesi?"

Mwishowe walikubali. Wacha nisimulie kifupi, ingawa kwetu haikuwa fupi. Nilimpigia mwenzangu anikodishie mashine ya kufyonzea gesi na mtungi wa nitrojeni. Alituma kwa tuktuk, na tuktuk ikazimika karibu na Kondele. Saa nzima tukangoja chini ya mwembe tukila chapati na maharagwe, mzee akitoka kila baada ya dakika kumi kutazama saa yake na kutuonyesha kwamba anaitazama. Vifaa vilipofika tukafyonza ule uji kwenye mtungi mtupu, tukajaza nitrojeni, na nikaanza kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Nje hakuna kitu. Nikapanda ndani, nikashusha mashine ya ukutani kidogo, nikapenyeza brashi nyuma yake kwa kupapasa, kijana akimulika na simu.

Ukitafuta tundu dogo huna la kufanya ila kungoja. Unapaka povu, unatulia, unatazama. Jasho linaingia machoni na huwezi kujipangusa kwa sababu mkono mmoja umeshika mashine. Baada ya kama dakika mbili kikatokea kipovu kimoja, kidogo kama jicho la omena. Kikakua. Kikapasuka. Kikatokea kingine pale pale.

"Hicho," kijana akanong'ona, utadhani kitakimbia.

Aliyefunga mashine ile mwanzo alikaza nati kwa nguvu zote za kifua chake, nayo ikapata ufa mwembamba kama unywele, na mdomo wa paipu ukapasuka kidogo. Nilikata kipande, nikasafisha ncha, nikapanua mdomo upya, nikapaka tone la mafuta, nikafunga nati mpya. Nilimwita mzee nikamwekea ile ya zamani kiganjani. Aliigeuza kwenye mwanga muda mrefu. "Hii tu?"

"Hiyo tu."

Tukawasha pampu ya kuvuta hewa. Hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wa dakika ishirini huruka, kwa sababu haionekani. Lakini hewa na unyevu vikibaki ndani, vinachanganyika na mafuta na kula kompresa kimyakimya. Pampu inataka nusu saa au zaidi, ukiwa umekaa tu. Mzee aliona tumekaa. "Sasa mnapumzika kwa stima yangu?"

Dakika ya kumi na nane, stima ikapotea.

Sikufikiri, niliruka nikafunga koki ya geji kabla pampu haijarudisha mafuta yake ndani ya mashine. Kisha nikakaa chini sakafuni. Mtaa mzima kimya, jenereta moja ikaanza mbali. Mzee alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Mkewe alileta maji ya baridi kwenye jagi, akakaa kwenye kiti, akaniuliza nyumbani ni wapi. Vihiga. Akaniuliza kama mama yangu yuko hai. Tukaongea mambo ya mvua.

Sijui stima ilirudi saa ngapi. Tulianza kuvuta upya, tukazima, tukaiacha geji robo saa tuone kama itapanda. Haikupanda. Mtungi wa waridi ukageuzwa kichwa chini, kwa sababu 410 ni mchanganyiko wa gesi mbili na lazima iingie ikiwa kimiminika, isije ikaingia moja zaidi ya nyingine. Gramu kwa gramu kwenye mizani, hadi kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa mashine. Tukawasha. Kompresa ikanguruma vizuri, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu saa sita. Hewa iliyoingia ilikuwa nyuzi 27, iliyotoka 15.

Mzee alisimama mbele yake amefumba macho, shati likipepea. Halafu akalipa elfu sita na nusu. Zilizobaki, mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimechoka mno kubishana, na yeye alilijua hilo.

Kurudi, jua likishuka ziwani, nilipitia kwa mwalimu mmoja Kondele aliyekuwa amenisihi: shawa ya maji moto inatoa baridi. Maji yao ni ya kisima, yana chumvi, elementi, ile inayochemsha maji, ilikuwa imevaa koti jeupe hadi ikakatika. Nilipofungua swichi nikakuta waya wa milimita za mraba mbili na nusu umeyeyuka ganda. Shawa ya kilowati tano na nusu inavuta ampea 23 hivi. Waya ule si wake. Nilikataa kuweka elementi mpya kabla waya haujabadilishwa. Mwalimu akasema mwenye nyumba hatakubali. Nikamwandikia kwenye karatasi ampelekee. Nauli sikuchukua. Ni afadhali aoge maji baridi ya Kisumu. Hapa hakuna baridi kama kwa dada yangu aliye Nakuru, ambaye Julai ananipigia kuuliza kama anaweza kuingiza jiko la makaa chumbani, na kila mwaka namkaripia, kwa sababu hewa ile ya sumu ya makaa haina harufu na haikuamshi.

Nyumbani nilifika watoto wamelala. Nilikula ugali uliopoa. Nati yenye ufa niliitoa mfukoni nikaitupa kwenye mkebe pamoja na zingine, ninaowaonyesha wateja wabishi. Simu ikalia: mzee wa Milimani, ametuma picha ya rimoti ikiwa kwenye 16. "Fundi mbona bado chumba hakijafika hapa?" Nikamwandikia aweke 24, kwamba 16 haiharakishi chochote, inaizuia tu mashine isipumzike. Akajibu kwa kidole gumba.

Chumbani kwetu joto lilikuwa limekaa kama mgeni asiyeaga. Mke wangu akageuka. "Washa feni."

Niliwasha. Ikanguruma nguuu, haikuzunguka. Kapasita yake imekufa wiki mbili sasa, na mpya iko ndani ya mkoba, mfuko wa kushoto. Niliisukuma kwa kidole, ikashika, nikalala.