Kurasa za Kolaji kwa Majarida ya Zamani: Uzoefu Wangu wa Mtwara

Katika ushauri wote niliopewa nilipoanza daftari langu la kolaji, yaani sanaa ya kubandika vipande vya karatasi na picha ili kuunda picha mpya, ulionitia hasara kubwa kuliko mwingine wowote ni ule wa kubandika vipande vya majarida kwa gundi ya uji wa muhogo. Ni kweli kwamba gundi hiyo ni rahisi na hushika vizuri, lakini aliyenishauri hakuzingatia kwamba Mtwara ni mji wa pwani, ambako katika miezi ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, hata chumvi hulowa ndani ya kopo. Wanga ni chakula. Kurasa zilifanya ukungu wa kijani pembezoni, kisha mende wakaja kutafuna kingo, wakianzia palepale gundi ilipokuwa nene. Tangu hapo natumia gundi nyeupe ya mbao inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, nikiizimua kwa maji kidogo. Kopo dogo, ambalo halizidi shilingi elfu chache, hunitosha kwa muda mrefu.

Majarida nayapata bure kwa mama anayeuza maandazi karibu na soko kuu. Yeye hununua karatasi za kufungia kwa kilo, na zile za kung'aa huzitenga kwa sababu hazinyonyi mafuta.

Wengine husema kwamba kipande kikikunjamana, dawa yake ni kuongeza gundi. Sikubaliani nao hata kidogo. Nyuzi za karatasi hunywa maji na kutanuka, kwa hiyo ukibandika kabla hazijamaliza kutanuka, mikunjo haiepukiki. Paka gundi nyuma ya kipande, kiache kilegee, ndipo ukilaze na kukisugua kuanzia katikati kwenda nje. Kisha weka nailoni ya kujaladia madaftari juu na chini ya ukurasa, na uukandamize kwa ndoo ya mchanga hadi asubuhi.

Jambo ninalojivunia zaidi ni kuhamisha picha kwa selotepu. Karatasi ya kung'aa hupakwa tabaka jembamba la udongo mweupe, na wino hukaa juu ya tabaka hilo badala ya kuzama ndani ya nyuzi. Nachagua picha yenye rangi nzito, nabandika juu yake selotepu pana isiyo na rangi, ile ya kufungia maboksi, kisha naisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka hewa yote itoke. Baada ya hapo naloweka kipande katika maji ya uvuguvugu, nakigeuza, na kusugua upande wa karatasi taratibu kwa ncha ya kidole. Karatasi huanza kutoka kama vijipande vyeupe, na wino wote hubaki umeshikwa na selotepu. Uzuri wake ni kwamba sehemu zilizokuwa nyeupe kwenye picha hupitisha mwanga, hivyo chochote kilicho chini yake huonekana. Katika ukurasa wangu wa Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, mashua iliyotoka kwenye tangazo la utalii inaelea juu ya mwandiko wangu mwenyewe, na maneno yanasomeka kupitia tanga lake. Bahari nimeitengeneza kwa tangazo la simu, kwa kuchana mandhari yake ya buluu vipande virefu. Ukichana, kipande unachovuta kuja kwako hutoka na rangi hadi ukingoni, na kinachobaki huachwa na mstari mweupe; mistari hiyo ndiyo mawimbi yangu.

Anayedai kwamba kukata majarida ni mchezo wa watoto akumbuke kwamba wachoraji mashuhuri Picasso na Braque walibandika karatasi kwenye kazi zao nchini Ufaransa mwaka 1912, na kwamba msanii Hannah Höch wa Berlin alijenga jina lake kwa mkasi na picha za majarida.

Kuhusu daftari lenyewe, kaunta buku yenye jalada gumu inatosha kabisa. Kwa kuwa vipande huongeza unene na kuufanya mgongo upasuke, kata kwa wembe jani moja baada ya kila majani mawili, ukiacha ukingo wa upana wa kidole karibu na mshono ili jani la upande wa pili lisichomoke. Majani yaliyokatwa nayatumia kujaribia rangi na gundi kabla ya kugusa ukurasa wenyewe.